Kanuni ya Kumi na Saba

Nukta aliiona tarehe kabla hajaona kitu kingine. Ilikuwa imeandikwa mwezi kwanza na siku baadaye, juu ya kipande cha programu kilichobadilishwa jana, na pale ofisini hakuna aliyeruhusiwa kuandika tarehe namna hiyo, awe mtu au mashine. Akaweka kikombe cha chai chini bila kunywa.

Walimwita Nukta kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumpita. Kazi yake ilikuwa kuandika programu inayofungua na kufunga valvu za matangi ya maji ya mji mzima, kazi waliyoifanya watu watatu katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili. Wa pili aliitwa Kasi, mwanamume mpole wa miaka ishirini na minane ambaye vidole vyake vilikimbia kuliko maneno yake. Wa tatu alikuwa bosi wao, mama mtu mzima aliyetembea na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado kutwa akauliza miwani yake iko wapi.

Kila mmoja alikuwa na msaidizi wake wa akili mnemba. Unamwambia unachotaka kwa maneno ya kawaida, naye anakuandikia programu, au anakurekebishia iliyokwisha kuandikwa. Wasaidizi watatu, wa kampuni tatu tofauti, hodari wote. Tatizo ni kwamba kila mmoja alisoma maagizo kwenye faili lake, lenye jina lake, mahali pake. Ukimkanya mmoja leo, wenzake hawana habari.

"Tuna watoto watatu, kila mmoja kalelewa nyumba yake," Bosi alilalamika siku moja. "Nukta, wape malezi ya nyumba moja."

Nukta akaandika faili moja la kanuni. Kisha, pale msaidizi wa Bosi alipozoea kukuta faili lake, akaweka kiungo, kitu kama dirisha: msaidizi anadhani anasoma faili lake, kumbe anachungulia lile la Nukta. Likibadilika huku, limebadilika na kule. Kwa msaidizi wake mwenyewe akafanya vivyo hivyo. Ila kompyuta ya Kasi ilikuwa ya aina nyingine, na kiungo kikagoma. Nukta alihangaika nacho mchana kutwa. Mwishowe akaweka nakala tu, akajiambia kwamba kesho ataandika kijiprogramu cha kuisasisha nakala ile kila siku.

Kesho yake kukawa na kikao.

"Wote watatu sasa wanasoma faili moja?" Bosi akauliza.

"Wote," akasema Nukta. Aliona haya kusema wawili na nusu.

Zilikuwa zimepita wiki tatu tangu kikao kile, na kile kijiprogramu hakijaandikwa.

Akainuka na tarehe ile kichwani, akaenda hadi meza ya Kasi.

"Hebu nifungulie kanuni za msaidizi wako."

"Kuna nini, dada?"

"Fungua tu."

Faili likafunguka. Nukta akateremka nalo hadi chini kabisa. Liliishia kanuni ya kumi na mbili. Faili la kweli lilikuwa limeongezewa tangu siku ile ya nakala, likafika kanuni kumi na nane. Ya kumi na nne ilihusu tarehe, na hiyo si neno. Aliyoikumbuka sasa ni ya kumi na saba: *Usiondoe wala kufupisha hatua ya kumsubiri fundi atoke tankini, hata kama inaonekana haina kazi.* Aliiandika mwenyewe, siku ambayo msaidizi wake yeye alijaribu kuiondoa akamdaka. Kwa mashine, hatua ile ilionekana kama kitu kilichosahaulika. Programu inafika pale na kunyamaza, haifanyi lolote, mpaka fundi abonyeze kitufe cha kijani kwenye kisanduku kilicho nje ya tanki.

"Jana ulimpa kazi gani?"

Uso wa Kasi ukachangamka. "Asafishe. Ile sehemu ya matangi ilikuwa mistari mia tatu, ikabaki mia na tisini. Bosi kaipitisha jioni, majaribio yote yalifaulu, kijani tupu. Imeshuka vituoni leo saa moja asubuhi."

Nukta akavuta kiti bila kuomba. Akapekua mistari iliyofutwa, mmoja mmoja, kidole kikiwa kwenye kioo. Akaikuta. Hatua ya kusubiri haikuwepo tena. Na lile jaribio lililokuwa likiilinda nalo lilikuwa limefutwa, kwa maelezo mafupi ya msaidizi kwamba hakuna tena cha kujaribu. Ndiyo maana yote yalikuwa kijani.

"Leo kuna tanki linalosafishwa?" akauliza.

Kasi alikuwa anatazama ubao uliokuwa ukutani nyuma ya Nukta, naye akageuka. *Kituo cha mlimani, Tanki la Tatu. Valvu imefungwa saa mbili na nusu. Fundi: Sindano.*

Sindano alikuwa mama yake mdogo.

Mwanamke mwembamba, mfupi, wa miaka hamsini na moja, aliyepita kwenye matundu ambayo mafundi wanaume walikwama mabegani. Jina alilipata huko. Mama mzazi wa Nukta alipofariki, Sindano ndiye aliyemchukua na kumsomesha kwa kazi hiyohiyo ya kukwangua tope kwenye sakafu za matangi.

Usafi ulipewa saa mbili. Zikiisha, programu ilipaswa kungoja kitufe cha kijani. Sasa haikuwa na cha kungoja. Ingefungua maji saa nne na nusu kamili.

Ilikuwa saa nne na dakika tisa.

"Tumpigie," Kasi alisema, na tayari simu ilikuwa sikioni mwake. Nukta alimpigia mama yake mdogo akijua kuwa haitasaidia, kwa sababu Sindano hakuingia na simu tankini hata siku moja. Iliita ndani ya mkoba mahali fulani mpaka ikakata. Kasi alimpigia mshika kamba, yule anayekaa juu kwenye mdomo wa tanki akimwangalia fundi. Ikaita, ikaita. Akapiga tena. Ikaita.

"Tufunge kutoka hapa!"

"Haiwezekani. Kisanduku kikiwa kwenye usafi hakisikii amri ya ofisini." Nukta alijisikia akilieleza jambo hilo kwa sauti tulivu kana kwamba yuko darasani. Lilikuwa wazo lake: mtu wa huku chini asije akabonyeza kitu kwa bahati mbaya akamfungulia maji mtu wa kule juu. "Na programu ya zamani tukiirudisha, itashuka kesho saa moja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo pikipiki. Wewe endesha."

Walishuka ngazi wakirukia mbili mbili. Nukta alimpigia Bosi, aliyekuwa kwenye mkutano jengo la ng'ambo, akamweleza kwa pumzi moja. Bosi hakuuliza swali hata moja. "Nendeni. Mimi naendelea kupiga simu, na nakuja na gari."

Saa nne na dakika kumi na tatu waliondoka. Kituo cha mlimani kilikuwa mwendo wa robo saa barabara ikiwa nyeupe. Kasi aliendesha kama jina lake, na Nukta, aliyezoea kumfinya bega apunguze, safari hii alimshika kiuno akanyamaza. Upepo ulimtoa machozi. Alihesabu taa za barabarani. Mara moja tu Kasi alipaza sauti bila kugeuka:

"Ni mimi niliyemwambia asafishe, dada! Ni mimi!"

Nukta alifungua mdomo. Wakati huohuo lori likapiga honi ubavuni mwao, Kasi akakwepa, na Nukta akakaza mikono.

Chini ya mlima walikuta barabara imechimbwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kibao cha manjano kilisema: *Samahani kwa usumbufu. Tunakuletea maji.* Ilikuwa idara yao wenyewe.

"Acha hapo," Nukta alisema, akaruka kabla pikipiki haijasimama. Wakavuka mtaro juu ya ubao, wachimbaji wakiwapigia kelele, wakaanza kupanda kwa miguu. Hatua mia tatu, labda mia nne, kwenye kokoto. Viatu vya Nukta vya ofisini vilimtoka kimoja, akakiacha. Saa ya mkononi ilisema saa nne na dakika ishirini na saba. Alipoitazama tena, alipoona ukuta wa kituo, ilisema ishirini na tisa.

Mlinzi wa geti aliwafahamu, akafungua akishangaa. Sasa walielewa kwa nini simu hazikupokelewa. Pembeni ya tanki pampu ya kunyonya tope ilikuwa ikinguruma kwa injini ya dizeli, na kule juu, kwenye paa la zege, mshika kamba alikaa mguu huku na mguu kule kwenye mdomo wa tanki, pamba masikioni, macho ndani. Wala hakuwaona.

"Panda, mtoeni!" Nukta alimsukuma Kasi kuelekea ngazi ya chuma. Yeye akakimbilia kisanduku.

Kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Bila shaka kilifungwa. Ndiyo ilikuwa desturi ya mafundi: anayeingia tankini anafunga kisanduku na kuingia na ufunguo, ili asiye na adabu asiguse. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Sindano, chini kabisa ndani ya tanki.

Kisha mota ya valvu ikaguna.

Nukta aliisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Shimoni, karibu na miguu yake, shina la valvu lilianza kuzunguka polepole, na bomba pana kama paja la mtu mzima likatetemeka. Aliokota nondo iliyotumika kuinulia mfuniko, akaipachika kwenye kufuli, akasukuma. Ikateleza. Akaipachika tena, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote, mguu mtupu ukiwa juu ya kokoto. Ndani ya tanki kulisikika mngurumo mwingine, wa maji yanayopiga zege, na juu yake sauti ya mtu.

Kufuli halikukatika. Kilichokatika ni bawaba ya mlango. Nukta aliuvuta mlango kwa kucha, akaona swichi kubwa nyekundu, akaipiga chini.

Mota ikanyamaza. Maji hayakunyamaza. Valvu ilikuwa imesimama ilipofikia, robo wazi.

Akaruka shimoni. Gurudumu la mkono lilikuwa la chuma, limejaa grisi, na lilihitaji mizunguko arobaini kutoka wazi hadi kufunga. Robo yake ni kumi. Alihesabu kwa sauti. Kwenye wa nne mikono ikateleza. Kwenye wa sita Kasi alitua kando yake shimoni, akashika upande wa pili, wakazungusha pamoja, vichwa vikigongana. Wa tisa. Wa kumi. Wa kumi na moja, kwa hofu tu. Bomba likaacha kutetemeka.

"Ametoka?" Nukta aliuliza.

"Sijui. Nilimwona anafika kwenye ngazi, maji yakamsomba. Kamba ilikuwa imekaza. Nikasikia unahesabu, nikashuka."

Alipanda ngazi ya tanki bila kujua anaipandaje. Mshika kamba alikuwa amelala kifudifudi, mikono yote miwili ndani ya tundu, na usoni amevimba mishipa. Nukta akashika kamba nyuma yake. Wakavuta. Kofia ngumu ikatokeza, taa yake bado inawaka, kisha uso uliojaa tope, kisha mkono mmoja uliokamata ukingo. Mkono wa pili ulining'inia vibaya.

Mama mdogo alilala juu ya zege, akatapika maji, akakohoa. Buti moja lilikuwa limebaki chini. Alipopata pumzi alisema maneno ambayo Nukta hakuwahi kuyasikia kinywani mwake miaka yote ya kulelewa naye, akiyaelekeza kwa aliyefungua maji, kwa mama yake, na kwa ukoo wake mzima.

"Mama," Nukta alisema.

Sindano alifumbua macho. "Na wewe unafanya nini hapa, na kiatu kimoja?"

Bosi alifika baada ya dakika kumi, miguu imejaa udongo wa mtaro. Sindano alikuwa ameshushwa, ameegemea ukuta kivulini, mkono umefungwa kifuani kwa shati la mshika kamba. Injini ya pampu ilikuwa imezimwa. Kasi alisimama mbele ya Bosi kama mtu anayesubiri fimbo.

"Ni mimi, Bosi. Nilimwambia msaidizi asafishe, akaondoa hatua ya kusubiri. Sikusoma alichofuta."

"Na mimi niliipitisha, nikaona kijani nikaridhika," Bosi alisema. "Hilo tutalibeba pamoja. Ninachotaka kujua ni kimoja. Kanuni ya kumi na saba inakataza jambo hilohilo. Wote watatu wanasoma faili moja. Wako kaivunjaje?"

"Sijui. Labda sikumwelekeza vizuri."

Nukta alikuwa akitazama grisi kwenye viganja vyake. Aliwaza, kwa uwazi uliomtisha, kwamba hakuna mwingine anayejua kuhusu nakala ile. Kasi hakuwahi kulisoma faili lenyewe. Asubuhi alikuwa amelifungua tu na kulitazama likiteremka. Wakirudi ofisini, ni sekunde tano kuweka kanuni kumi na nane pale palipokuwa na kumi na mbili. Msaidizi angeonekana mkaidi, Kasi angeonekana mzembe, na mambo ya mashine nani anayemaliza kuyaelewa? Aliinua macho akamkuta mama yake mdogo anamtazama. Hakuwa akimshuku. Alikuwa anamtazama tu, kama mtu mwenye maumivu anavyotafuta uso anaoufahamu.

"Hakuivunja," Nukta alisema. "Hakuwa nayo."

Bosi akageuka.

"Kiungo kilikataa kwenye kompyuta ya Kasi. Niliweka nakala. Haijasasishwa tangu siku ile. Msaidizi wake ana kanuni kumi na mbili."

"Nilikuuliza kikaoni."

"Uliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema wote."

"Kwa nini?"

Jibu la kweli lilikuwa dogo mno kwa mkono ule uliofungwa kwa shati. "Niliona haya kusema sijamaliza."

Kasi alimtazama, mdomo wazi, kisha akatazama pembeni. Bosi alivua miwani ya machoni, akaifuta, asiirudishe. Mama mdogo alinyoosha mkono mzima kwa mshika kamba, akainuliwa, akateremka hadi kwenye gari ng'ambo ya mtaro, akaingia kiti cha mbele, akafunga mlango.

Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili. Wiki sita za plasta. Nukta aliondolewa kwenye mitambo inayofanya kazi kwa mwezi mzima, akaandika ripoti yenye jina lake juu, ikasomwa kwenye kila kituo mbele ya mafundi. Yeye na Kasi, ambaye kwa siku mbili alimsalimia kwa kichwa tu, waliandika kile kijiprogramu: kabla msaidizi yeyote hajaanza kazi, mafaili matatu yanalinganishwa, na yakitofautiana hata kwa herufi moja, haanzi. Hatua ya kusubiri nayo ilitolewa kwenye programu ikawekwa kwenye chuma, swichi ya ufunguo ambayo akili mnemba haina mkono wa kuifikia.

Nyumbani ilikuwa vigumu zaidi. Kila asubuhi Nukta alipitia kwa mama yake mdogo kumsaidia kuvaa, maana mkono mmoja haufungi vifungo. Sindano alimwacha amfunge. Alijibu salamu. Alisema chai iko mezani. Zaidi ya hapo, kimya, siku tisa, na Nukta hakuthubutu kukivunja, kwa sababu alijua yule mama akinyamaza ni kwamba bado anapima.

Siku ya kumi, Nukta akiwa kwenye kifungo cha pili, Sindano akasema:

"Nieleze hilo faili. Polepole. Mimi si msomi wa mashine."

Nukta alimweleza. Wasaidizi watatu, kila mmoja na mahali pake pa kusomea. Faili moja, madirisha mawili, nakala moja. Sindano alisikiliza akitazama ukutani.

"Kwa hiyo nakala ni kama kumtuma mtu na maneno ya jana."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa mnalinganisha yote matatu."

"Yote matatu. Kila mara."

"Akija wa nne?" Sindano aliuliza. "Mnapenda vitu vipya ninyi. Kesho mmoja wenu ataleta msaidizi mwingine, wa kampuni nyingine, mwenye faili lake mahali msipopajua. Kilinganishi chenu kitamwona?"

Vidole vya Nukta vikasimama kwenye kifungo. Alilipitisha swali kichwani, mbele na nyuma, akitafuta mahali ambapo lingekuwa limejibiwa. Kijiprogramu kilitaja mafaili matatu kwa majina. La nne kisingelijua.

"Hapana," alisema. "Hakitamwona. Hilo hatujalifanya."

Sindano alimgeukia kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akamtazama usoni kwa muda.

"Haya, maliza vifungo," alisema. "Utachelewa kumwambia Kasi, naye anaanza mapema."